Firigisi ya Kuku wa Madoa

Kambarage, Shinyanga
22 Julai 1984

Mpendwa Shangazi Chausiku,

Shikamoo Shangazi. Mfikishie Mjomba Akida shikamoo yake, na umwambie kwamba tangu mlipoondoka baada ya Idd baraza letu limekuwa kimya, maana hakuna tena anayebishana na redio.

Sisi hatujambo. Baba yuko kinu cha pamba, zamu ya mchana. Bibi analalamikia goti. Mdogo wangu Kijakazi alimeza kifungo cha shati. Nilimweleza kwa makini njia ambayo kifungo kinapita, tangu umio hadi mwisho wa safari, kama Mwalimu Philomena alivyotufundisha. Akalia zaidi. Kumbe alitaka kuambiwa tu kwamba hatakufa. Kifungo kimetoka, na Mama amekishona mahali pake.

Mama anauliza: yule kuku wa madoa tuliyewapa zawadi alifika salama? Mimi ndiye niliyemfunga miguu asubuhi ile. Akajinasua. Nilipomfunga tena akaninyea gauni la sikukuu. Mama anasema heri amekwenda, maana alikuwa akitugombanisha na jirani kwa kushinda barazani kwake.

Ulipokuwa hapa uliniuliza kwa nini maziwa yakichemka humwagika na maji hayamwagiki. Jibu ni kwamba maziwa yana mafuta na vitu vingine vinavyofanya utando juu. Mvuke ukitoka chini unakwama chini ya utando ule, unausukuma juu kama kifuniko, na maziwa yanapanda nao. Maji hayana utando, kwa hiyo mvuke unajiendea zake. Ili nihakikishe, niliyatazama maziwa ya Bibi yakichemka huku nikiandika ninachokiona. Nilikuwa bado natafuta neno zuri la kueleza rangi ya utando yalipomwagika yote. Sasa jibu nalijua kabisa, na Bibi amekunywa chai ya rangi.

Shangazi, siku ile uliposema kwamba nyumba yenu imeezekwa, na kwamba chumba cha nyuma ni changu nikija likizo ya Desemba, niliona haya kushukuru mbele ya watu. Hapa tunalala wanne, na koroboi inazimwa mara tu Kijakazi anaposinzia. Nikipata likizo moja ya kusoma mezani, penye mlango unaofungwa, naamini hesabu za kidato cha tatu hazitanishinda. Nimeshaamua meza ikae upande gani. Tafadhali usimpe mtu mwingine chumba hicho.

Mimi mwanao mtiifu,
Zamoyoni


Nyarugusu, Geita
14 Agosti 1984

Mwanangu Zamoyoni,

Marahaba. Sisi wazima, na nyumba nzima. Upepo ukivuma bati linapiga kelele, lakini kelele ya bati lako mwenyewe haimkoseshi mtu usingizi. Sabuni hakuna, sukari tunaisikia kwa jina tu. Mpe pole Bibi kwa goti, umpe na pole ya maziwa.

Kuku wa madoa alifika. Banda hatuna, kwa hiyo alilala chumba cha nyuma, chumba chako, akachakura ile sakafu ya udongo kama aliyepoteza ufunguo. Juzi tukapata wageni, tukamchinja. Mwambie mama yako alikuwa mnono.

Sasa swali, na hili nijibu vizuri, usiruke kitu. Nilipokuwa nasafisha firigisi nilikuta vijiwe ndani. Kwa nini kuku anameza mawe? Anayaokota wapi? Yanakaa humo muda gani?

Mjomba wako anataka kujua kuliko mimi. Siku hiyo aliinuka kwenye mlo bila kuigusa firigisi yake, jambo ambalo halijatokea tangu anioe. Usiniulize kwa nini. Karatasi inapita mikono mingi, na siku hizi wanasaka wahujumu uchumi mpaka ndani ya mito ya kulalia.

Meza ninayo tayari. Fundi kaikosea mguu mmoja, tutauwekea kigae.

Shangazi yako,
Chausiku


Kambarage, Shinyanga
27 Agosti 1984

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya Mjomba. Barua yako ilifika Bibi akiwa ameshanisamehe. Goti ni lilelile. Baba amehamia zamu ya usiku.

Shangazi, swali lako ni zuri sana. Nimeelewa kwamba Mjomba anataka kuanza ufugaji wa kuku, nami nampongeza. Nilimwuliza Mwalimu Philomena, nikasoma na kitabu, na ninajibu kama ifuatavyo.

Kuku hana meno. Nafaka anaimeza nzima, nayo inafika kwenye firigisi, ambayo ni mfuko wa misuli yenye nguvu sana. Ndani mna vijiwe alivyomeza. Firigisi inabana na kulegea, vijiwe vinasagana na nafaka, unga unapatikana. Kwa hiyo kila kuku anatembea na jiwe la kusagia tumboni, wala hapangi foleni mashine ya unga kama sisi.

Mawe anayaokota hapohapo anapoishi. Kuku wa nyumbani haendi mbali; anazunguka uani na kwa jirani basi. Yale madogo na mepesi huisha na kutoka. Yale mazito hubaki chini muda mrefu, kwa wiki nyingi.

Sasa nitaongeza jambo ambalo halimo kitabuni, nililolifikiri mwenyewe, na Mwalimu alilisifu mbele ya darasa. Nyinyi huko machimboni mnapepeta mchanga katika karai ili chepesi kitoke na kizito kibaki. Firigisi nayo ni karai! Kwa hiyo mtu akitaka kujua ardhi ya uani kwake ina nini, hana haja ya kuchimba kwanza. Amwulize kuku wake.

Darasa lilipiga makofi. Nililala nikitabasamu, ingawa Kijakazi alikuwa amenilalia mkono.

Nami nina swali, nalo si la kitabu. Kwa nini firigisi ni ya baba wa nyumba? Nimemwuliza Baba, akasema ndivyo ilivyo. Bibi akasema mtoto wa kike akiila hataolewa. Mwalimu Philomena anakula firigisi, na ameolewa, na mumewe ni mrefu.

Naomba uniambie: dirisha la chumba changu linatazama wapi?

Mwanao,
Zamoyoni


Nyarugusu
21 Septemba 1984

Mwanangu,

Marahaba. Sote hatujambo. Joto limezidi, na mawingu yameanza kujikusanya kisha yanaahirisha.

Barua yako mjomba wako aliisoma kwa sauti. Akairudia. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, na toka siku hiyo haijatoka humo ila kwa kusomwa. Nilitaka kuifua pamoja na shati, akaninyang'anya.

Kuhusu firigisi, hivi ndivyo alivyonieleza marehemu mama, bibi yako mzaa baba, naye alikuwa mtu wa Ujiji asiyependa maneno mengi. Paja unaweza kugawa, hata shingo unaweza kugawa. Firigisi ni ndogo, ukiigawa hakuna aliyekula. Kitu kisichogawanyika kinampata mwenye sauti kubwa. Basi. Hayo ya kutoolewa yaliongezwa baadaye ili msiendelee kuuliza.

Dirisha linatazama mkorosho wa Mama Mbuke. Chumba kipo. Mlango tumeufunga kwa sasa kwa sababu ya vumbi.

Nina swali jingine, la jirani. Jirani anauliza: mtu akichimba shimo ndani ya nyumba, karibu na ukuta wa tofali mbichi, ukuta unasimama mpaka lini? Nijibu upesi. Jirani ana haraka.

Shangazi yako,
Chausiku


Kambarage, Shinyanga
3 Oktoba 1984

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Leo nitapunguza salamu, naomba Mjomba asione vibaya.

Mwambie jirani yako aache kuchimba leo hii. Ukuta haukai juu ya tofali la chini tu, unakaa juu ya udongo wote ulio chini yake na pembeni yake. Uzito ukishuka unatanuka, kama mtu anayekaa na kupanua miguu ili asianguke. Ukichimba karibu, umemkata mguu mmoja. Udongo mkavu utamvumilia kidogo. Mvua ikinyesha, udongo unalowa, unalainika, unateleza kuelekea shimoni, na ukuta unaufuata.

Nilijenga nyumba ya udongo kando ya bomba ili nione. Niliijenga vizuri, nikaiwekea na dirisha. Nikachimba shimo ndani kwa kijiko, nikamwaga maji. Ilianguka, na tope likaruka mpaka kwenye shuka za Mama zilizoanikwa. Kwa hiyo jambo hili nimelithibitisha, na pia nimefua.

Shangazi, nilipokuwa nafua nilifikiri. Umesema mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Nyumba imeshaezekwa, vumbi hilo linatoka wapi? Na jirani yako anayechimba ndani ya nyumba, jina lake nani? Sikusudii kukudadisi, mimi ni mtoto. Lakini Mwalimu hutuambia tusiondoke na swali mdomoni.

Mwanao,
Zamoyoni


Nyarugusu
16 Oktoba 1984

Mwanangu Zamoyoni,

Barua hii nimempa Scolastika wa hapa kijijini mkononi. Anakuja huko kumwona dada yake, naye atasubiri jibu. Kwa kuwa haipiti posta nitasema yote, ingawa aibu ni yangu.

Jirani ni mjomba wako. Nyumba ni yangu. Chumba ni chako.

Katika ile firigisi hamkuwa na vijiwe peke yake. Mlikuwa na punje ya dhahabu. Ndogo, kama ulezi, mviringo kabisa, laini, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nilimwonyesha Akida. Miaka yote hii anachimba maduara ya watu, yale mashimo ya dhahabu, anarudi na vumbi masikioni, halafu kuku anakuja na dhahabu tumboni bila jasho! Hakulala. Akasema, "Tumwulize mtoto, yeye anasoma." Nikakuuliza. Ukajibu kwamba kuku anaokota anapoishi, na kwamba firigisi ni karai. Mjomba wako alisimama kabla hajamaliza ukurasa akaenda kutafuta sururu.

Uani asingeweza kuchimba, watu wangeona na kibali hana. Akaingia pale kuku alipokuwa akichakura. Kufika sasa amezama, kichwa hakionekani. Mimi nabeba udongo kwa ndoo naumwaga nyuma. Mama Mbuke akapita, akanisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, udongo wote huo ni wa nini?" Ulimi ukaniteleza: "Tunachimba choo." Kashangaa, "Karibu na nyumba hivyo?" Nikamjibu mume wangu ana tumbo la haraka. Habari ikamfikia Bwana Afya Donatus. Amekuja hapa na baiskeli yake kunipongeza! Kasema kijiji kizima kiige mfano wa Bi Chausiku. Anarudi mwezi ujao kukikagua.

Ukuta una ufa. Nimemwonyesha Akida ufa, nimemsomea barua yako ya ukuta. Anasema ile ni ya jirani. Nikimbembeleza atoke, anatoa barua yako ya kuku mfukoni, ananiambia, "Wewe ni mke wangu nakuheshimu, lakini huyu ni kidato cha pili."

Mwanangu, nyumba hii nimeijenga kwa kuuza vitumbua. Mvua ziko njiani. Nakuomba uniandikie neno la kumtoa mtu huyu shimoni.

Shangazi yako,
Chausiku


Kambarage, Shinyanga
19 Oktoba 1984

Mpendwa Shangazi, na Mjomba Akida, ambaye ninamwomba asome barua hii mwenyewe,

Shikamooni. Scolastika anasubiri barazani, anakunywa uji.

Mjomba, nilikosea.

Niliposoma kwamba punje ni mviringo na laini, nilikaa nikafikiri. Dhahabu inayotoka mwambani inakwaruza na ina pembe. Wewe unajua kuliko mimi. Kitu kinakuwa mviringo namna hiyo kikiyeyuka na kudondoka. Chochote kilicho majimaji, kikiachwa kidondoke, hujikusanya kiwe tone, maji hata mafuta hata dhahabu. Likipoa linabaki tone. Kwa hiyo punje yako ilishapita kwenye moto wa mtu kabla ya kupita kwa kuku.

Hapo nikamkumbuka kuku mwenyewe. Shangazi, kuku huyu hakuzaliwa Nyarugusu! Alizaliwa hapa, na alikuwa akishinda kwenye baraza la jirani yetu. Jirani yetu ni Mzee Tabu. Mzee Tabu ni sonara.

Nilikimbia kwake bila ushungi. Nikamwuliza kama dhahabu ikiyeyuka huruka. Akasema, "Huruka, na mimi nimezeeka, sioni inakoangukia. Kwa nini?" Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe yule mfagizi wangu alikuwa anajilipa mshahara!" Nikamwuliza kama atamshitaki mtu. Akasema mwizi mwenyewe mmekwisha kumla, atamshitaki nani? Mkiirudisha punje atamtengenezea Shangazi kipini cha pua.

Kila nilichoandika juu ya firigisi ni kweli, na kila kilichokuja kwa sababu yake ni upuuzi. Nilieleza meno ambayo kuku hana, na misuli, na uzito, nikapigiwa makofi. Sikuuliza swali la kwanza ambalo hata Kijakazi angeuliza: kuku yupi? Nami ndiye niliyemfunga miguu kwa mikono yangu nikampandisha basi. Ushahidi wote nilikuwa nao juu ya gauni.

Mjomba, usinitegemee tena kwa jambo hilo. Lakini nitegemee kwa hili la ukuta, maana hilo nimelifua. Toka shimoni. Chumba mkikifukia mkalala salama, mimi nitasoma popote, hata jikoni.

Nilikosea, na ninaomba radhi.

Zamoyoni


Nyarugusu
18 Novemba 1984

Mwanangu Zamoyoni,

Marahaba, na marahaba ya mjomba wako, ambaye safari hii amenituma niitikie kwa niaba yake kwa kuwa anaona haya.

Scolastika alifika jioni, mawingu yametanda. Akida alikuwa chini. Nikamwita, "Barua ya Zamoyoni!" Akasema nimtupie. Nikamtupia. Akasema humo giza, hasomi kitu. Akapanda kwa kunung'unika, akaja kukaa mlangoni palipo na mwanga. Akasoma. Nikamwona anarudi mwanzo, anasoma tena. Kisha akaniuliza, "Hili neno 'nilikosea' kaliandika yeye mwenyewe, au kalazimishwa na mwalimu?"

"Mwenyewe," nikamwambia.

"Mimi sijawahi kuliandika."

"Hata kulisema hujawahi."

Alikuwa anafungua mdomo kubisha, mvua ikashuka. Hatukumaliza kuingiza vyungu ndani, tukasikia ukuta wa nyuma unakohoa, ukajimwaga wote shimoni kama ulivyosema, kwa utaratibu ule ule wa barua yako. Bati moja lilikwenda nao. Mjomba wako alitazama pale alipokuwa amesimama muda mfupi kabla. Akakaa chini kwenye tope. Hapo akasema, "Chausiku, nilikosea." Nilimwomba arudie, kwa sababu ya kelele za mvua.

Sasa nikupe habari ya chumba. Nyumba imebaki na vyumba viwili, vimesimama imara. Kile cha nyuma hakipo. Lakini shimo lipo, na Bwana Afya alikuwa anakuja, na sisi tulishasema ni choo. Akida akatoa kifusi, akazungushia fito na makuti, akaweka magogo na udongo juu. Donatus alipofika aliangusha kokoto, akasikiliza, akangoja, akatikisa kichwa. Anasema tangu aanze kazi hajaona choo chenye kina kile. Ametutaja kwenye mkutano wa kijiji. Akida alipoulizwa mbele ya watu ni nani aliyempa elimu hiyo ya afya, akaona asiseme uongo tena, akakutaja jina. Basi watu wote hapa ndivyo wanavyokiita. Utamsikia Mama Mbuke anamwambia mwanawe, "Ngoja kidogo, nafika kwa Zamoyoni."

Ulitaka chumba chako mwenyewe chenye mlango unaofungwa. Unacho. Ila hakina kitanda.

Usilie. Udongo tuliotoa Akida anaufyatulia tofali, na safari hii anajenga upande wa mbele, mbali na shimo. Hazijakauka, kwa hiyo Desemba zitakuwa bado. Meza ilinusurika, nimeiweka chumbani kwetu chini ya dirisha. Wewe utalala na mimi na kusoma hapo mpaka uchoke. Mjomba wako atalala sebuleni, hakuulizwa. Nakuja huko kwa Maulidi, nikuchukue, na punje ya Mzee Tabu nitaileta nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Na Akida anasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema. Siku utakayofika atachinja kuku, na firigisi ni yako. Nzima. Ila ataipasua yeye mwenyewe, nje, mchana, na chochote atakachokikuta ndani hataki kukiangalia wala kuelezwa habari zake. Atakwenda kukitupa kwa Zamoyoni.

Shangazi yako,
Chausiku